Vitenzi Mia Mbili na Tatu

Rau, Alhamisi

Mwalimu,

Ulifariki Jumanne, wiki ile masika yalipoanza, saa nne kasoro robo asubuhi. Leo ni siku ya arobaini na tano. Nimepoteza vitu viwili, na navitaja wazi kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka: nimekupoteza wewe, na nimepoteza nafasi ya kupanda hadi kwako Old Moshi nikakwambia kwa mdomo wangu, "Nimepokea." Cha kwanza alikichukua Mungu. Cha pili nilikipoteza mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, mara tisa.

Shikamoo. Unaona? Nimeanza na madai kabla ya salamu. Ungenitazama juu ya miwani yako, ile niliyokufungia bawaba kwa uzi wa nailoni, useme, "Manka wa Zipu, hata mvua hutanguliza upepo." Basi shikamoo, Mwalimu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza ungeitafuta kalamu nyekundu huko huko uliko.

Nipo kwenye karakana yangu, mbele ya cherehani. Kuna mahema sita yanasubiri, nimeyasogeza pembeni. Nina swali la kukuuliza, na swali lenyewe lina siku na saa yake, lakini nitalifikia. Kwanza nataka nikukumbushe tulikotoka, maana mtu akifa watu humsifu kwa jumla jumla, na wewe hukuwa mtu wa jumla.

Unajua nilikuja kwako na elimu ya darasa la saba na aibu ya koti moja. Nilikuwa nimetoka kuuza mitumba Kiboriloni, chini, juu ya turubai. Nilijifunza kushona kwa kufufua makoti yaliyokosa zipu, na nilipopata cherehani yangu ya kwanza nikahamia Rau kutengeneza mahema na mabegi ya wapanda mlima. Siku moja akaja mgeni mwembamba kama mlonge, akavaa koti lake, akalibana kiunoni kwa vidole, akasema, "Can you take it in?" Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikaliingiza ndani. Nikalikunja vizuri nikaliweka kwenye rafu ya juu, pasipo na vumbi. Kesho yake asubuhi, gari la kumpeleka getini likinguruma nje, akakuta koti limelala usingizi, halijaguswa hata mshono. Alitaka nilipunguze. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba nilishaliingiza. Aliondoka likimpepea mwilini kama hema lisilo na vigingi, na mimi nikabaki mlangoni nimeshika futi kamba, sijui nimekosea wapi, maana *take* nilikuwa naijua na *in* nilikuwa naijua.

Zakayo ndiye aliyenileta kwako. Siku hizo alikuwa bado mpagazi. Alisema, "Mama, kuna mzee kule juu, mwalimu mstaafu, anafundisha Jumamosi kwenye banda la kahawa. Hafundishi Kiingereza cha shule. Anafundisha kile wanachoongea wenyewe."

Nilikuta watu tisa wamekaa kwenye magunia: wapagazi, mpishi mmoja wa mlimani, dada wawili wa nyumba ya wageni. Ukutani hakukuwa na ubao. Uliandika kwa chaki kwenye mlango, na kila ukitaka mwanga ilibidi ubao ufunguliwe. Katikati ilisimama ile mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, ya baba yako, na gurudumu lake la chuma. Nikauliza ada ni kiasi gani. Ukasema, "Ada ni kitenzi kimoja chenye mkia, ulichokisikia kwa sikio lako wiki hii. Cha kwenye kitabu sipokei."

Nikakueleza habari ya koti. Wenzangu walicheka mpaka Zakayo akaanguka kwenye gunia lake. Wewe hukucheka. Ulikwenda kwenye mashine, ukazungusha gurudumu mara moja, krrrr, ukasema, "Huyu amelipa." Ukaandika mlangoni *take in*, na chini yake *take off*, *take out*, *take over*, *take after*. Halafu ukasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: "Kazi hii ya kugeuza maana Kiswahili huifanyia ndani ya tumbo la kitenzi. Kata, katia, katika, katisha, katiza. Kitenzi cha Mwingereza ni kigumu kama jiwe, tumbo halitanuki. Kwa hiyo anakitundikia mkia nje. Msishangae jiwe. Tazameni mkia."

Mwalimu, nilielewa hapo hapo, kwa sababu mimi ni fundi. Mkasi wangu ni mmoja. Nikichora mfuko kwenye kitambaa nikautoa, hiyo ni *cut out*. Nikiondoa ukanda uliooza, ni *cut off*. Nikikatakata hema lililokufa ili nipate viraka, ni *cut up*. Na kule kwenu mgomba ukishazaa mnauangusha, *cut down*. Mkono ni uleule, mkasi ni uleule, ila matokeo yanategemea mkasi umeelekea wapi. Miaka saba ya shule hakuna aliyeniambia hivyo. Nilikaririshwa vitenzi kama majina ya wafalme.

Nawe hukutukalisha. Nakumbuka siku ulipotutoa wote hadi kwenye mfereji unaopita kihambani kwako, shambani kati ya migomba, ukarusha jani kavu la mgomba. Jani likakimbia, likafika penye bwawa dogo, likatulia. "Hiyo ndiyo *down*," ukasema. "*Slow down, calm down, settle down.* Kitu kinapoa." Kisha ukazamisha ndoo ya mke wako mpaka maji yakafika ukingoni. "Na hii ni *up*. *Fill up, use up, eat up.* *Up* ni ndoo iliyofika mdomoni. Hakuna zaidi." Zakayo, ambaye hajawahi kuacha jambo lipite, akanyoosha mkono: "Sasa Mwalimu, *give up* ya kukata tamaa, hapo ndoo imejaa nini?"

Ulifikiri. Ukasema utatujibu wiki ijayo. Na wiki ijayo ukasimama mbele yetu, mtu wa miaka sabini na kitu, sweta lina kiraka changu kwenye kiwiko, ukasema, "Zakayo, nimetafuta siku saba. Sijui. Mwingereza naye ana mambo yake." Basi. Kwa maisha yangu yote wewe ndiye mwalimu wa kwanza niliyemsikia akisema hajui, na bado akarudi darasani kichwa kikiwa juu. Siku hiyo nilikuheshimu kuliko siku zote ulizojua.

Na siku ya Zakayo na yule mzee wa kizungu! Mzee alikuwa anahema kabla hata hawajaanza kupanda, Zakayo akataka kumtuliza, akamwambia akichoka atamshusha taratibu. Akasema, "Don't worry, if you get tired we will put you down." Mzee akageuka mweupe zaidi. Ulipotueleza kwamba hivyo ndivyo wanavyosema mbwa mgonjwa akichomwa sindano ya kumaliza, ulicheka mpaka ukavua miwani, ukajifuta machozi kwa mkono wa sweta. "Na alipanda?" ukauliza. "Alipanda, Mwalimu, tena alitangulia mbele yangu siku zote sita." Ukazungusha gurudumu mara mbili.

Siku nyingine ulinisimamisha mimi niwe *pick*, mpishi akawa *up*, tukashikana mikono. Binti mdogo kuliko wote wa nyumba ya wageni ukamwita *it*, ukasema, "Mdogo hakai pembeni, mdogo anakaa katikati, asipotee." Akapita chini ya mikono yetu akasimama kati. *Pick it up.* Zakayo na lile gunia alilobeba akawa *the tent*, ukamwambia, "Wewe mkubwa, kaa katikati au kaa mwisho, popote utaonekana." Halafu ukachukua futi kamba yangu shingoni, ukawafunga wengine wawili kiunoni, *look* na *after*. "Hawa wamefunga ndoa. Hapiti mtu kati yao, hata awe mdogo vipi." Ndiyo maana leo sikosei, Mwalimu. Nikitaka kusema, namwona yule binti anapita chini ya mkono wangu.

Sasa tuje kwenye ugomvi wetu. Sitauruka.

Miaka minne nilikulipa ada. Nilikuwa nalipa zaidi ya ada. Wateja wangu wanaongea, mimi nina masikio, na nilikuwa na daftari dogo chini ya cherehani. *The sole came off. The seam has come apart. It won't do up. I've worn them out.* Jumamosi nyingine nilikuletea vitatu, nyingine vitano. Ukaviandika kwenye daftari lako kubwa, lile nililolishonea jalada la turubai ya kijani. Halafu ukaamua kutengeneza kijitabu, ukakipeleka mjini kikatolewa nakala, ukatugawia pale bandani. Vitenzi mia nne na kumi na viwili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa shukrani. Majina kumi na manne. Yumo Zakayo. Yumo mpishi. Wamo dada wa nyumba ya wageni. Wamo wageni wawili waliopita mara moja tu. Yumo hadi kijana aliyetoa fotokopi!

Mimi simo.

Nilikuwa nimeshahesabu, unanijua. Katika vile mia nne na kumi na viwili, mia moja themanini na saba vilipita kwenye sikio langu kabla ya kufika kwenye kalamu yako. Nilisimama mbele ya wote nikasema, "Mwalimu, hesabu yako haina mimi." Ukasema, kwa ile sauti yako ya chini, "Manka, kaa, tutaongea." Sikukaa. Niliteremka mlima ule. Mtu aliyeanzia kwenye turubai hana kitu kingine ila jina lake, na akilikosa mahali alipolitolea jasho, anaona amerudishwa kwenye turubai.

Miaka mitatu, Mwalimu. Ulikuwa unanitumia salamu kwa Zakayo. "Mwalimu anakusalimu." Najibu, "Mwambie nimesikia." Sikusema "na yeye msalimie." Nilijua tofauti, na wewe ulijua.

Kisha mwezi wa kwanza mwaka huu, msimu umekolea, karakana imejaa hadi mlangoni, Zakayo akaingia ameshika kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Hakukiweka mezani. Alisubiri nizime cherehani. Lilikuwa isale, ule mmea wetu Wachagga wa kuombea msamaha, kichwa kizima cha isale, na jani lake moja limefungwa fundo.

Bibi yangu alinifundisha kabla sijajua kusoma: isale halikataliwi. Hata awe amekukosea vipi, mtu akikuletea isale unakaa chini, unasikiliza. Na anayelipeleka ni mdogo kwa mkubwa, mkosaji kwa mkosewa. Wewe ulikuwa mkubwa wangu kwa karibu miaka thelathini. Wewe ulikuwa mwalimu wangu. Ukalifunga fundo kwa vidole vyako vilivyokwisha kupinda, ukalituma lishuke kutoka mlimani, kwa fundi wa zipu.

Nikamwuliza Zakayo, "Amesema nini?" Akasema, "Amesema nikupe mkononi. Na amesema yeye yupo."

Nililia kidogo, nikamgeuzia mgongo ili asione. Halafu nikafanya kosa langu. Nilikuwa na mahema thelathini na moja ya kumaliza. Nikapiga hesabu: nikipanda leo napoteza siku, na mahema haya yana tarehe ya kupanda mlima. Nikachukua ndoo ya plastiki, nikatia maji, nikalisimamisha isale humo kando ya cherehani lisinyauke. Nikamwambia Zakayo, "Mwambie nimepokea. Nitapanda Jumamosi." Nilifikiri nimelitunza. Nilifikiri isale likiwa bichi na msamaha nao u mbichi. Mbona kuwaza hivyo kulikuwa rahisi! Nililifanyia isale kama koti la mteja: pokea, weka pasafi, utakuja kulishughulikia.

Jumamosi ile ikaja na mahema mengine. Ya pili, niliugua. Ya tatu, umeme ulikatika nikafidia siku iliyofuata. Nilibadilisha maji ya ndoo kila Jumatatu, sikukosa hata moja. Ulikuwa na utani wako darasani: "*Put off*, ile ya kuahirisha, siwafundishi. Watu wa Moshi mjini mmezaliwa mnaijua." Tulikuwa tunacheka. Mimi nilikuwa nacheka kuliko wote.

Jumanne ile Zakayo alikuja saa tano. Hakuwa ameshika kitu. Alisimama mlangoni amevua kofia, mvua inamchuruzika, na kabla hajafungua mdomo nilishaangalia ndoo. Sijui kwa nini. Nililichomoa isale. Chini lilikuwa limeota mizizi minne, myeupe, mirefu kama kidole changu.

Likawa halihitaji mtu tena. Limezoea ndoo.

Nilikuja kukuzika. Nilisimama nyuma, penye migomba, pale mfereji unapokata kona. Watu walikusifu vizuri: mcha Mungu, mstaafu mwaminifu, mkulima hodari. Yote kweli. Hakuna aliyemtaja *it* anayepita chini ya mikono. Nilitaka kupaza sauti. Sikupaza. Sikuwa na haki, mimi niliyekuwa natumiwa salamu nikazirudisha nusu.

Sasa nikupe habari za tangu uondoke. Mvua imenyesha vizuri. Mgomba mmoja umeangukia paa la banda lakini mabati yameshikilia. Zakayo sasa ni kiongozi kamili wa mlima, na anawaambia wageni wake, "I will look after you," bila kigugumizi, nami namsikia akija nao karakanani, namkonyeza. Jumamosi ya kwanza baada ya maziko wanafunzi kumi na mmoja walipanda kama kawaida. Wakakuta mlango umefungwa, na maandishi yako ya mwisho bado yapo kwa nje, chaki imefifia: *carry on*, endeleeni. Wakakaa kwenye nyasi mpaka saa tano, wakashuka. Jumamosi ya pili walikuja tena. Wanakuja hadi leo, Mwalimu. Wanakaa nje ya mlango uliofungwa na kila mmoja ana kitenzi chake cha ada.

Jumapili iliyopita binti yako Haika aliniita. Alikuwa amekuja kutoka Dar tangu maziko, anapanga vitu vya nyumba. Nilimsalimia, akanikaribisha jikoni, akanipa kitawa cha moto, ndizi na maharage, bila kuniuliza kama nimekula. Halafu akaniwekea mezani lile daftari lenye jalada la turubai. "Dada Manka, hili ni lako. Baba alisema."

Nikasema halitakuwa langu, lina jasho la watu wengi. Akalifungua. Pembeni mwa kila kitenzi ulikuwa umeandika herufi ya aliyekuletea hicho kitenzi. Z ya Zakayo. H ya Haika mwenyewe, akipiga simu. Na M. M, M, M. Kurasa nzima M. Cha kwanza kabisa ni *take in*, na pembeni umeandika "M, koti".

Nilihesabu. Haika alinicheka: "Jamani dada, hata msibani!" Nikahesabu mara mbili. Mia mbili na tatu. Vimebaki vitatu tu kufika nusu ya vitenzi vyote. Mimi nilikuwa natembea miaka mitatu na hasira ya mia moja themanini na saba, na wewe ulikuwa umenitunzia kumi na sita zaidi, vile nilivyovisema kwenye mazungumzo tu, nikakunja mwavuli nikaenda zangu, wewe ukashika kalamu.

Hapo nikamwuliza Haika moja kwa moja. Kama alinihesabu hivi, kwa nini hakuniandika kwenye shukrani?

Haika akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. "Dada Manka, na mimi aliniandika? Mama aliyekuwa anawapikia uji kila Jumamosi, aliandikwa?" Nikachukua kijitabu, nikasoma ukurasa ule nilioukariri kwa uchungu miaka mitatu. Kumi na wanne, wote wageni. Hakuna hata mmoja wa nyumbani. "Kwenye sherehe," Haika akasema, "umeona wapi mwenye nyumba anamshukuru mkewe kwa kuja? Baba alikuwa anashukuru waliokuja. Wewe alishakuhesabu kwetu."

Nikakifunga kijitabu. Mimi, mtu wa hesabu. Nilihesabu waliokuwemo. Sikuhesabu waliokosekana.

Lakini usifikiri umeshinda, Mwalimu. Bado nasema ulikosea. Mtu wa nyumbani naye ana macho, anapenda kuliona jina lake limekaa mahali. Ulijua hivyo mwishowe, ndiyo maana ukatuma isale. Na ulituma bila kunieleza kwamba nilikuwa nimekuelewa vibaya, hukujitetea hata kwa neno moja. Uliona nimeumia, ikakutosha. Hilo ndilo linalonishinda kulipita. Nimekutana na watu wengi wenye akili. Mwenye haki mkononi, akaikunja akaiweka chini ili mdogo wake apumue, nimekutana na mmoja.

Isale nimelipanda. Haika aliniruhusu, na shemeji zako wazee wakasema ni sawa. Liko upande wa miguu yako, mizizi yake minne imeingia udongoni, na lile jani la fundo sikulifungua.

Na nakuahidi hili: kijitabu kitatoka tena, na ukurasa wa kwanza utakuwa na majina kumi na saba. Nitaanza na mke wako, kwa ajili ya uji. Atafuata Haika. La mwisho litakuwa langu, na ukitaka kulipinga ulipinge.

Sasa swali. Haika anarudi Dar Jumapili. Kuna jirani anaomba banda aweke vifaranga, na mashine ya kahawa iuzwe kama chuma. Haika aliniambia, "Mimi siwezi kuacha banda wazi bila mtu. Ukisema utafundisha, funguo ni zako. Ukisema hapana, siwezi kumlaumu mtu wa vifaranga. Nataka neno lako Jumamosi saa tatu." Niliondoka nikiwa nimeshika daftari kifuani kama mtoto.

Naogopa, Mwalimu. Sijawahi kukwambia maneno hayo. Darasa la saba. Kuna siku watanyoosha mkono waniulize *give up* imejaa nini, na sitajua, na sijui kama nitaweza kusema sijui kwa ile sauti yako. Naweza kushona hema litakalohimili upepo wa juu kabisa, lakini kusimama kwenye mlango ule na kushika kile kipande chako cha chaki ulichokuwa unakihifadhi kwenye kopo...

Pumzika, Mwalimu. Umepanda na kushuka vya kutosha. Uwasalimu waliotangulia, na safari hii salamu naituma nzima, haijakatwa.

Ila kabla hujalala kabisa, nijibu. Nifundishe, au nisifundishe? Ndiyo au hapana, sitaki mafumbo. Nimekuwekea wiki tisa kwenye ndoo, wewe usiniweke hata siku moja. Jumamosi hii, saa tatu kamili, nitakuwa nimesimama mlangoni pa banda, Haika na funguo kushoto kwangu, wale kumi na mmoja kwenye nyasi. Sheria ni yako mwenyewe: ulikuwa unauliza, unahesabu vidole kumi, kukiwa kimya unasema, "Anayenyamaza amekubali." Nitahesabu kwa sauti, taratibu, ili usije ukasema hukusikia. Nikifika kumi hujasema neno, nafungua mlango na kuzungusha gurudumu.

Wako wa nyumbani,
Manka wa Zipu